Unga Ulivyopita Barabara ya Bagamoyo

Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, bahari kati ya Makran na pwani yetu hufunguka. Makran ni ufukwe mkavu unaogawanywa na Pakistan na Iran, na kwa karne nyingi upepo huo ndio uliosukuma majahazi yenye tende, mazulia na chumvi hadi Lamu, Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Kusi ikiingia, majahazi yalirudi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Tangu miaka ya 1980 upepo uleule umekuwa ukileta shehena nyingine, isiyoshushwa gatini wala kulipiwa ushuru.

Asili ya shehena hiyo ni mashamba ya afyuni ya Afghanistan. Majeshi ya Kisovieti yaliingia nchi hiyo Desemba 1979, vita vikavuruga kilimo, na afyuni ikawa zao la kugharimia bunduki. Utomvu wake ulipikwa ukawa heroini, ambayo mitaani kwetu huitwa unga. Njia ya nchi kavu ya kwenda Ulaya kupitia Iran na Uturuki ilipozidi kubanwa na askari, wafanyabiashara waligeukia bahari. Jahazi hutoka Makran, hukaa kwenye maji makuu mbali na macho ya nchi kavu, kisha boti ndogo za kienyeji huifuata na kugawana mzigo. Kusi inapochafua bahari, kuanzia Juni hadi Agosti, biashara hulala. Kaskazi ikirejea, nayo hurejea.

Ukubwa wa mzigo huo ulikuja kujulikana baadaye sana. Mwaka 2011 polisi walikamata takriban kilo 180 za heroini katika nyumba moja upande wa Mbezi, Dar es Salaam, kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo. Januari 2012 zilikamatwa kilo zaidi ya 200 mkoani Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya na kukuta kilo 1,032 zimefichwa ndani ya mifuko ya saruji. Zamani sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa ya kupita tu, ikielekea Afrika Kusini na Ulaya. Lakini mzigo haupiti mahali bila kumwagika. Madalali, mabaharia na walinzi wa maghala walilipwa kwa unga wenyewe, nao wakautafutia wateja jirani.

Kwa hiyo kijana aliyejikunyata kwenye pagale, nyumba isiyokwisha kujengwa, huko Boko kwenye barabara hiyo, anatetemeka kwa arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ni mtu wa mwisho katika mnyororo ulioanzia mbali sana. Kwa zaidi ya miaka 20 sheria yetu ilimkamata yeye kwanza.

Boko ya miaka ya 1980 haikuwa na unga, na kusema kweli haikuwa na watu wengi. Ukitoka Mwenge, ukapita Mbezi, Tegeta na kilima cha Wazo ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, ulikuta minazi, mikorosho na muhogo mpaka Bunju. Upande wa bahari kulikuwa na vijiji vya wavuvi, Kunduchi, Ununio na Mbweni. Watu wa mjini walikwenda huko kama wanavyokwenda shamba. Unga ulikuwa jambo la mjini: Kariakoo, Magomeni, Kinondoni, Msasani na Temeke.

Kabla yake Dar es Salaam ilijua bangi na gongo. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 vilipita pia vidonge vya Mandrax, vikitoka India kuelekea Afrika Kusini. Heroini waliileta watu wa bahari. Vijana waliozamia meli bandarini wakafika Ulaya na Asia, baadhi yao walirudi na kiatu kizuri, redio ya kaseti na uraibu. Maskani zikawaheshimu kwa kuwa wameona dunia. Mdogo akivuta na kaka aliyetoka ng'ambo, hakujiona mgonjwa, alijiona amekua.

Uchumi nao ulikuwa unageuka. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikafunguliwa, bidhaa zikajaa madukani na ajira za serikali na mashirika ya umma zikapungua. Sisemi kwamba ruksa hiyo ya biashara ndiyo iliyoleta unga; unga ungekuja kwa njia yoyote, kwa kuwa Makran haikuihitaji ruksa hiyo. Ila uliwakuta vijana wengi wakiwa vijiweni mchana kutwa, na ulikuta mji ambao mtu anayetajirika ghafla haulizwi amepata wapi.

Unga wa mwanzo ulikuwa wa rangi ya kahawia. Waliutia juu ya karatasi ya sigara yenye ngozi ya fedha, wakaupasha moto kwa chini na kuufukuzia moshi, au waliuchanganya na bangi wakaita kokteli. Ulidhuru, lakini polepole. Kuelekea mwaka 2000 ukaingia unga mweupe. Ule wa kahawia hauyeyuki vizuri bila kutiwa kitu kichachu kama ndimu. Mweupe huyeyuka kwa maji matupu. Tofauti hiyo, ndogo kama inavyosikika, ndiyo iliyoleta sindano. Kete ndogo, yaani kifurushi kimoja cha unga, iliyotosha nusu ya hamu kwa kuvuta ilitosha yote kwa kujidunga, na kwa mtu asiye na fedha hesabu hiyo haikuhitaji kufundishwa. Ndani ya miaka michache tu Dar es Salaam ikawa na mageto, vyumba vya kutumia unga, ambamo watu watano walitumia bomba moja la sindano.

Hapa inabidi nisimulie jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani pamoja na wa Muhimbili, wakiwemo Sheryl McCurdy na Profesa Gad Kilonzo, waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, juu ya kitu walichokikuta kwa wanawake wa Dar es Salaam. Mwanamke aliyepata kete alijidunga, kisha akavuta damu yake kwenye bomba mpaka likajaa, akampa mwenzake asiye na fedha. Mwenzake akajidunga damu hiyo, akiamini imebaki na unga wa kumtuliza arosto. Wengi wao waliishi kwa kuuza miili yao. Waliishi pamoja, walilishana, na kwa mawazo yao kumpa rafiki damu ilikuwa kumsaidia asiteseke.

Dunia nzima ilishtuka. Kwa upande wa virusi vya Ukimwi, hiyo ni mojawapo ya njia za haraka zaidi za kuambukizana. Utafiti uliofanyika Temeke mwaka 2011 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wanaojidunga wana VVU, wakati kwa watu wazima wa Tanzania nzima kiwango kilikuwa kama asilimia 5. Wanawake walikuwa na hali mbaya kuliko wanaume. Kifua kikuu nacho kilienea miongoni mwa wanaojidunga mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine, maana geto ni chumba kisicho na dirisha na watu hukaa humo wakikoholeana usiku kucha.

Wakati hayo yakitokea Temeke na Mwananyamala, mji ulikuwa unaifuata Boko. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, na miongoni mwa maeneo yaliyopimwa yalikuwamo Bunju, Mbweni na Boko Dovya. Mikorosho ikakatwa, mawe ya mipaka yakasimikwa, wafanyakazi wa mjini wakaanza kujenga kidogo kidogo kadiri mshahara ulivyoruhusu. Ujenzi wa namna hiyo huacha nyumba nyingi zenye kuta bila paa kwa miaka mitano, kumi. Mwenyewe anaishi Kinondoni au Sinza na huja mara moja kwa mwezi kuangalia tofali zake. Pagale halina mlinzi wala taa, na majirani zake ni mapagale mengine. Pusha, yaani muuzaji wa unga, hahitaji zaidi ya hapo.

Na barabara ilikuwepo. Magari yalipoongezeka vituoni Tegeta, Boko na Bunju, walihitajika wapiga debe, kazi isiyodai cheti wala barua ya mwenyekiti, inayolipa sarafu hapohapo, saa ileile unapozihitaji. Wengine waliokota chuma chakavu. Chuma kilichookotwa kilipoisha, ikawa zamu ya koki za maji za watu, mifuniko ya chemba, nyaya, nondo za mjenzi aliyelala Sinza. Mitaa ikawachukia mateja, yaani waraibu wa unga, kwa sababu za kweli kabisa. Anayejenga kwa kujinyima miaka minane ana haki ya kuumia akikuta nondo zake zimeondoka. Chuki hiyo ikaua watu. Katika magazeti yetu waliouawa hivyo huitwa wezi waliopigwa na wananchi wenye hasira kali, na habari huishia kwenye aya ya pili. Ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa wa arosto, hakuna aliyeandika.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Wazazi walihamisha watoto kwenda kwa babu Tanga, Singida, Songea, wakidhani unga ni wa Dar pekee. Waliwafungia ndani, wengine kwa minyororo, wakawapeleka kwa waganga, kwenye maombi, kwa masheikh. Mtoto alikaa miezi mitatu bila kitu, akanenepa, mama akamshukuru Mungu, kijana akarudi Dar, akajidunga kipimo chake cha zamani. Mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kubeba kipimo kile. Pumzi hukatika. Misiba ya namna hiyo ilitangazwa kuwa malaria.

Serikali nayo ilikuwa na sheria. Sheria Namba 9 ya mwaka 1995 iliweka adhabu kali hadi kifungo cha maisha kwa msafirishaji, na kwa sheria hiyo ikaundwa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Kwenye karatasi ilimlenga mfanyabiashara. Mtaani ilikutana na teja, kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana: yuko kituoni, amesinzia amesimama, ana bomba mfukoni. Polisi walivamia maskani, wakajaza karandinga, wakawapeleka mahabusu ya Keko au Segerea, na baada ya wiki chache wale wale wakarudi vituoni wakiwa wamedhoofu zaidi. Wauzaji wakubwa waliitwa mazungu ya unga, na kila mtaa ulidai unawajua. Kuanzia mwaka 2013 padri wa magereza ya Hong Kong, John Wotherspoon, alianza kusambaza barua za Watanzania waliofungwa huko kwa kumeza kete na kupanda nazo ndege. Waliwasihi vijana wa nyumbani wasikubali kuwa punda, na waliwataja waliowatuma. Zilikuwa barua za watu ambao kesi yao ilikwisha kuhukumiwa. Aliyewatuma bado alikuwa Dar es Salaam anakula chakula cha jioni.

Mabadiliko ya kweli yalianzia hospitali. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza kuendeshwa na serikali katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili Jessie Mbwambo alikuwa mmoja wa nguzo zake, na fedha nyingi zilitoka katika mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR. Temeke, kuanzia mwaka 2010, shirika la madaktari la Ufaransa, Médecins du Monde, lilikuwa limekwisha kuanza kuwafuata watu magetoni, likawapa sindano safi na kupima VVU. MUKIKUTE, kikundi cha Temeke kilichoanzishwa na watu waliopona kifua kikuu, nacho kilikwenda kwenye maskani ambazo wengine waliziogopa.

Methadoni si siri. Ni dawa ya maji, hunywewa kikombeni mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku. Hukaa mwilini siku nzima na zaidi, ikazuia arosto bila kumlewesha mtu aliyepangiwa kipimo sahihi. Anayeinywa hahitaji kete ya asubuhi, kwa hiyo hahitaji koki ya jirani. Hahitaji bomba, kwa hiyo haambukizwi kwa sindano. Wapo waliosema serikali imeamua kugawa unga wake yenyewe. Maneno hayo nimeyasikia hata leo, na huwa natamani wanaoyasema wangemwona mtu mmoja tu katika wiki yake ya tatu ya dawa, anaoga, anadai chai, anauliza habari za mtoto aliyemwacha.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kliniki ya pili ilifunguliwa Hospitali ya Mwananyamala, na ya tatu ikafuata Temeke mwaka 2014. Katika siku hizohizo za mwisho wa 2012 mwanamuziki Rehema Chalamila, tunayemjua kwa jina la Ray C, alijitokeza hadharani kuwa alikuwa mtumiaji na anatibiwa, akaenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa msaada wake. Nchi iliyokuwa ikimcheka ikanyamaza kidogo. Sauti yake tuliijua sote tangu redioni, na hakuna aliyeweza kusema huyu ni kibaka wa kituoni. Sidhani kama kampeni yoyote ya mabango imewahi kufanya kazi sawa na picha ile ya msichana mmoja akisema aliumwa.

Lakini hebu fikiria safari ya mtu wa Boko. Kutoka Boko hadi Mwananyamala ni zaidi ya kilomita 20. Dawa hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na kwa mgonjwa mpya hairuhusiwi kubebwa nyumbani. Barabara kati ya Mwenge na Tegeta ilikuwa inapanuliwa katika miaka hiyo na foleni zake zilijulikana nchi nzima. Kijana aliyekuwa akiishi kwa kupiga debe alitakiwa kuamka kabla ya alfajiri, apande daladala mbili, apange foleni, anywe, arudi akiwa amekwisha kupoteza saa ambazo abiria ni wengi na sarafu zinapatikana. Nauli ya kwenda na kurudi, mara siku 30. Kete ilikuwa pale pale nyuma ya kituo. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo hushushwa na kuanza kupandishwa upya, kwa kuwa kumpa kile cha zamani kungeweza kumuua. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Dar es Salaam walikuta umbali na nauli miongoni mwa sababu zinazowatoa watu kwenye tiba. Kwa wanawake ilikuwa ngumu zaidi: katika miaka ya kwanza hawakufika hata mmoja kati ya kila wagonjwa kumi, ingawa ndio walioumizwa zaidi na virusi. Mama mwenye mtoto mgongoni, anayelala kwa mteja wake wa mwisho wa usiku, hawezi kufika Mwananyamala saa moja asubuhi kwa ahadi tu.

Wengine walipita upande wa pili wa barabara, kwenda Bagamoyo, ambako nyumba za kupata nafuu kama ile ya Life and Hope zilipokea watu kwa miezi kadhaa bila dawa yoyote, kwa mazungumzo, kazi na sala. Zanzibar ilitangulia kwa nyumba hizo tangu mwaka 2009. Zimeokoa watu. Ila hulipiwa, na familia ya mponda kokoto wa Kunduchi haina fedha hiyo.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mpya, Namba 5, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya yenye uwezo wa kukamata na kupeleleza yenyewe. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya wasanii, wafanyabiashara na wanasiasa aliotaka wafike polisi, na mwezi huohuo Rais John Magufuli alimteua Rogers Sianga kuwa kamishna jenerali wa kwanza wa Mamlaka. Mji mzima ulizungumza majina. Mimi nadhani jambo kubwa la mwaka ule lilikuwa kwingine: unga uliadimika mtaani, bei ikapanda, na foleni za kliniki za methadoni zikarefuka. Mombasa na Malindi walikwisha kuyaona hayo mwishoni mwa mwaka 2010, unga ulipokatika ghafla na mamia ya watu wakaangukiwa na arosto kwa pamoja, wakati Kenya haikuwa na kliniki hata moja ya methadoni. Kukamata mzigo bila kufungua kliniki ni kumfungia mgonjwa mlango. Mwaka 2017 Dar es Salaam ilikuwa na tatu, na kwa hilo watu wengi wako hai.

Mamlaka iliendelea kukamata. Desemba 2023 Kamishna Jenerali Aretas Lyimo alitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, kiasi kikubwa kuliko chochote cha dawa hizo kilichokuwa kimewahi kukamatwa nchini hadi wakati huo. Sehemu ya mzigo huo ilifungashwa kama kahawa na majani ya chai. Methamfetamini ni jambo jipya, na methadoni haitibu uraibu wake. Tukiipokea kwa karandinga peke yake kama tulivyoupokea unga, tutapoteza miaka mingine 20.

Kliniki nazo zimeongezeka, zikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko, na huduma imekuwa ikisogea kidogo kidogo kuelekea pembezoni. Ombi langu kwa Manispaa ya Kinondoni ni kwamba hatua hiyo isiishie kwenye hospitali kubwa. Aliyetulia kwenye tiba anywe dawa yake katika kituo cha afya kilicho karibu na anapolala, wa Boko anywee Boko, wa Bunju anywee Bunju. Wenyeviti wa serikali za mitaa wanayajua mapagale yote. Wawaongoze huko wahudumu wa afya kabla ya kuwaongoza polisi.

Na wewe mzazi, ukigundua mwanao anatumia, usimfungie ndani na usimpeleke mkoani. Akiwa mjamzito usimlazimishe kuacha ghafla, kwa kuwa arosto inaweza kumdhuru aliye tumboni. Akitoka gerezani au nyumba ya nafuu, mwambie wazi kwamba kipimo chake cha zamani sasa kinaua. Nenda naye Mwananyamala, au kituo chochote cha afya cha serikali, uulize kliniki ya waraibu. Methadoni hutolewa bure.